Padre na Vijana wa Makoti ya Ngozi

Twajua ya kuwa katika nyumba nyingi kuna neno moja lisemwalo kila mwaka, nalo ni hili: vijana wa siku hizi wameharibika. Baba hulisema akiiona suruali ya mwanawe. Mama hulisema akisikia nyimbo mpya. Mwalimu naye hulisema akiona nywele zilizochanwa kwa namna asiyoijua. Neno hili si geni, wala halikuanza kwetu. Mwezi huu tumependa kuwapa habari za vijana wa nchi ya Uingereza ambao, miaka sitini na zaidi iliyopita, walisemwa hivyo hivyo, tena kwa ukali kuliko tusemavyo sisi. Na habari za padre mmoja aliyetoka nyumbani kwake kwenda kuwatafuta. Katika habari hizo mna ya kufurahisha, mna ya kusikitisha, na mna swali ambalo kila mzazi na kila mwalimu hana budi kujiuliza.

WALIKUWA WATU GANI

Vijana hao waliitwa Rockers. Kabla ya jina hilo kuenea waliitwa vijana wa mia, kwa sababu sifa yao kubwa ilikuwa kuendesha pikipiki maili 100 kwa saa moja, ndiyo kilometa 160. Aliyeufikia mwendo huo alihesabiwa kuwa mtu mzima mbele ya wenziwe. Asiyeufikia alikaa kimya wakati wa mazungumzo.

Ili kuwafahamu, yafaa tukumbuke hali ya nchi yao. Vita Kuu ya Pili vilikwisha mwaka 1945, lakini njaa yake haikwisha siku ile. Waingereza waliendelea kugawiwa vyakula kwa kipimo hata mwaka 1954. Vijana wa kiume nao walilazimishwa kuingia jeshini kwa muda wa miaka miwili, na kundi la mwisho liliitwa mwaka 1960. Basi watoto waliozaliwa wakati wa vita walikua katika uhaba. Hata walipofika umri wa miaka kumi na saba au kumi na minane, waliona mlango umefunguliwa ghafula. Kazi zilikuwa nyingi. Mwanafunzi wa ufundi, mchukuzi wa mizigo, kijana wa kiwandani, wote walipata mshahara kila juma. Tena maduka yalikubali kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Kijana aliyekuwa hana kitu isipokuwa mikono yake aliweza kutoa fedha kidogo mbele, akaondoka na pikipiki, akailipa miezi mingi.

Wengi wao walikuwa wana wa wafanya kazi, si wa matajiri. Mchana waliamriwa na wasimamizi wao: lete hiki, shika kile. Jioni walipopanda pikipiki, hakuna aliyewaamuru. Msomaji aliyepata kuwa kijana wa kutumwa atalifahamu jambo hili bila kuelezwa sana.

PIKIPIKI ZAO

Zamani hizo pikipiki za Kiingereza zilisifiwa duniani pote: Triumph, Norton, BSA na nyinginezo. Lakini vijana hawa hawakutosheka na kazi ya kiwanda. Walizifungua pikipiki zao ndani ya vibanda vya uani, wakaondoa kila kitu kilichoongeza uzito, wakaushusha usukani chini ili mwendeshaji ainame kifudifudi na kupasua upepo. Wengine walitoa injini ya Triumph, iliyosifiwa kwa nguvu, wakaifunga ndani ya kiunzi cha Norton, kilichosifiwa kwa kutulia barabarani. Chombo kile chenye wazazi wawili wakakiita Triton, yaani nusu ya jina hili na nusu ya jina lile.

Twataka walimu wetu walitazame jambo hili vizuri. Kijana asiyeweza kukaa darasani kwa saa moja aliweza kukaa usiku kucha akipima, akikata chuma, akisafisha vali, akitafuta kwa nini injini hukohoa. Watu waliompita njiani waliona makelele na mafuta meusi mikononi. Hawakuiona hesabu iliyomo, wala saburi.

MAVAZI YAO

Vazi lao lilijulikana mbali. Kijana alivaa koti fupi jeusi la ngozi, suruali ya jinzi, na buti ndefu. Soksi nyeupe nene kama za mabaharia alizikunja juu ya buti. Shingoni alifunga skafu nyeupe, ambayo barabarani aliipandisha ikafunika mdomo na pua. Nywele alizipaka mafuta akazichana kwenda nyuma zikang'aa. Koti lenyewe wengi walilipamba kwa beji na kwa misumari ya madini.

Watu wazima waliliogopa koti lile. Lakini lilianza kwa haja, si kwa kiburi. Nchi ya Uingereza ni ya baridi na mvua. Mtu aendaye mbio juu ya pikipiki bila ngozi hupenywa na upepo hata mifupani, na akianguka ngozi ya koti huchubuka badala ya ngozi ya mwili wake. Wakati ule hakuna sheria iliyomlazimisha mtu kuvaa helmeti, yaani kofia ngumu ya kulinda kichwa. Sheria hiyo ilikuja mwaka 1973. Basi vazi lililotungwa kwa ajili ya kujikinga likageuka alama ya kujulishana, kama kila vazi lifanyavyo likivaliwa na watu wa namna moja. Kijana aliyekuwa peke yake katika mji mgeni, akimwona mwingine mwenye koti lile, alijua amempata ndugu.

MUZIKI WAO

Muziki wao ulikuwa roki na roli, uliotoka Marekani katika miaka ya 1950. Ulizaliwa kwa kuchanganyika nyimbo za Wamarekani weusi, za dunia na za kanisani, pamoja na nyimbo za mashamba za Wamarekani weupe. Waimbaji waliopendwa na Rockers ni kama Gene Vincent, Eddie Cochran, Chuck Berry, Little Richard na Elvis Presley. Gene Vincent alipofika Uingereza mwishoni mwa mwaka 1959, mtengenezaji wa michezo ya televisheni alimshauri avae ngozi nyeusi toka juu hata chini. Akafanya hivyo, na tangu siku ile vazi na wimbo vikawa kitu kimoja machoni pa vijana. Mwezi wa Aprili mwaka 1960 Vincent na Cochran walikuwa safarini pamoja katika gari la kukodi, wakapata ajali karibu na mji wa Chippenham. Cochran akafa, umri wake miaka 21, Vincent akaumia. Vijana wa pikipiki walimlilia Cochran kama mtu wa kwao.

Redio ya nchi, ndiyo BBC, haikuupiga muziki huu kwa wingi. Kijana aliyetaka kuusikia kwa sauti kubwa alikwenda kwenye mkahawa wenye sanduku la santuri, lile ambalo mtu hutia sarafu akachagua wimbo. Mikahawa hiyo ilikuwa kando ya barabara kuu, na hasa iliwekwa kwa ajili ya madereva wa malori. Chai ilikuwa ya bei ndogo, mahali pa kuweka pikipiki palikuwapo, wala hakuna aliyeuliza mbona umekaa muda mrefu.

Mkahawa mmoja uliwapita yote kwa sifa, nao ni Ace Cafe, katika barabara ya North Circular, upande wa kaskazini-magharibi ya London. Ulijengwa mwaka 1938, ukabomolewa kwa mabomu ya ndege mwaka 1940, ukajengwa tena mwaka 1949, nao ulikuwa wazi usiku na mchana. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya Rockers.

MAUTI BARABARANI

Yasimuliwa kwamba katika mikahawa ile palikuwa na mchezo wa kutisha. Kijana alitia sarafu katika sanduku, wimbo ukaanza. Papo hapo akatoka mbio, akarukia pikipiki yake, akaenda hata mahali palipoagwa, akarudi. Akirudi kabla ya wimbo kwisha, ameshinda. Nazo nyimbo za siku zile hazikufika hata dakika tatu.

Hatutaki kulificha jambo hili wala kulipamba. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, na barabara za Uingereza zililishuhudia neno hilo. Katika mwaka 1960 peke yake watu zaidi ya 1,500 waliokuwa juu ya pikipiki walikufa kwa ajali nchini humo. Wengi wao walikuwa vijana. Nyuma ya kila hesabu ya namna hii yuko mama aliyesikia mlango ukibishwa usiku, akamkuta askari wa polisi amesimama kizingitini na kofia mkononi.

Basi watu wazima walipokasirika, hawakukasirika bure. Shida ni kwamba hasira yao haikufika kwa wale iliowahusu. Mwaka 1961 gazeti moja kubwa lilitoa habari za vijana hawa, likawaita chama cha kujiua. Mikahawa na mahali pa kuchezea dansi pakawekwa matangazo ya kuwakataza wenye makoti ya ngozi. Filamu moja ya Marekani iliyotoka mwaka 1953, yenye habari za kundi la wapanda pikipiki, ilizuiwa Uingereza kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, kwa hofu ya kwamba vijana wataiga. Wote waliwasema vijana. Waliosema nao walikuwa wachache mno.

PADRE BILL SHERGOLD

Sasa twafika kwa mtu tuliyemtaja mwanzo. Upande wa mashariki ya London kuna mtaa uitwao Hackney Wick, ambao zamani hizo ulikuwa mtaa wa watu maskini na wa viwanda. Shule ya Eton, isomwayo na wana wa matajiri, ilianzisha misheni huko mwaka 1880, na kanisa lake ni la Mtakatifu Maria wa Eton. Mwaka 1959 padre msaidizi wa hapo, John Oates, alianzisha chama cha vijana, kikaitwa 59 Club kwa ajili ya mwaka wenyewe. Siku ya kufunguliwa, tarehe 2 Aprili, aliyekuja kuimba ni Cliff Richard, mwimbaji kijana ambaye sifa zake zilikuwa zimeanza kuenea Uingereza pote. Baadaye hata Princess Margaret, ndugu yake Malkia Elizabeth, alikuja kukizuru.

Katika mwaka ule ule Padre Bill Shergold alifika kuwa mkuu wa misheni ile. Alikuwa mtu aliyekwisha kupita umri wa ujana, lakini alikuwa na jambo moja ambalo mapadre wengi hawakuwa nalo: yeye mwenyewe alipanda pikipiki, tena aliipenda. Akawaza moyoni mwake hivi: vijana wa pikipiki wanakatazwa katika kila mlango, mbona mlango wa kanisa nao usiwe wazi? Ikawa mwaka 1962 akaazimia kufanya ibada kwa ajili yao, akatengeneza matangazo, akayachukua kwenda Ace Cafe.

Watu walikuwa wamemwonya. Walimwambia ya kuwa padre akikanyaga mahali pale atavuliwa suruali, au atatupwa katika mfereji wa maji. Yeye mwenyewe aliisimulia safari ile baadaye bila kujisifu. Alijifunga skafu ili kuufunika ukosi wake wa upadre usionekane. Alipoukaribia mkahawa, akaona taa, pikipiki nyingi na kundi la makoti meusi, moyo ukamwishia. Akafungua mafuta, akapita kwa mwendo wa kasi, akaenda zake.

Twaomba msomaji asicheke upesi. Ni nani kati yetu ambaye hakupata kufanya vile? Tumeona kijana amekaa na wenziwe mahali tusipopapenda. Tukajua ya kuwa yatupasa kwenda kusema naye. Tukatazama upande wa pili, tukapita. Padre huyu alipita kama sisi. Sifa yake ni kwamba alirudi.

Mara ya pili alisimama, akaingia. Hakuna aliyemvua suruali, wala hakutupwa katika maji. Vijana walipofahamu kwamba yeye ni padre, na kwamba pikipiki iliyo nje ni yake, wakamzunguka, wakaanza kumwuliza maswali, naye akakaa nao akizungumza. Akayatoa matangazo yake, nao wakayapokea. Siku ya ibada ilipofika wakaja Hackney Wick na makoti yao, na pikipiki zao zikabarikiwa. Magazeti yale yale yaliyowaita wabaya yakatuma wapiga picha, na picha za padre mwenye kanzu juu ya pikipiki zikaenea nchi nzima.

Baada ya hapo 59 Club ikawa na tawi la wapanda pikipiki, na vijana wakajiunga kwa maelfu. Palikuwa na chai na kahawa, meza ya kuchezea, santuri za muziki wanaoupenda, na mahali pa kutengenezea pikipiki. Mtu aliyefukuzwa kwingine kwa sababu ya koti lake, hapo koti lilikuwa ruhusa ya kuingia. Chama kilikuwa na beji yake yenye tarakimu 59, na vijana waliishona juu ya ngozi kwa fahari. Baadaye chama kilihamia Paddington, pamoja na Padre Shergold, kikaendelea.

Tena twapenda mtambue alivyofanya. Hakuwaambia, vueni kwanza makoti, ndipo mje. Wala hakuwaambia kwamba mbio zao ni jema tupu. Aliyejua kupanda pikipiki aliweza kusema juu ya mwendo na hatari, nao wakamsikiliza, kwa maana hakusema kama mtu wa mbali. Onyo la mtu asiyekujua hupita juu ya kichwa. Onyo la mtu aliyekaa nawe huingia.

MAGHASIA YA PWANI, MWAKA 1964

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu tu. Wakati ule ule palikuwa na vijana wa namna nyingine, walioitwa Mods. Hao walipenda usafi na mtindo mpya: suti zilizokatwa kwa namna ya Kiitalia, makoti makubwa ya kijeshi juu yake ili suti isichafuke, na pikipiki ndogo za Vespa na Lambretta zilizopambwa kwa vioo na taa nyingi. Muziki wao ulikuwa wa Wamarekani weusi wa miaka ile, pamoja na ska iliyotoka Jamaika. Mods waliwaona Rockers kuwa wachafu na wa kizamani. Rockers waliwaona Mods kuwa wapenda kioo.

Siku za Pasaka mwaka 1964 vijana wengi walikwenda Clacton, mji wa pwani. Palikuwa na baridi na mvua, na mambo ya kufanya hayakuwapo. Wakaanza kuzunguka makundi makundi, pakawa na kusukumana, mawe yakatupwa, madirisha yakavunjwa. Karibu vijana 100 walikamatwa. Kesho yake magazeti yakaandika kana kwamba mji mzima umetekwa na adui. Sikukuu ya Pentekoste ilipofika, mwezi wa Mei, vijana wengi kuliko kwanza wakaenda Margate na Brighton, na huko yakatokea mapigano hasa.

Mtu mmoja mwenye elimu, Stanley Cohen, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyachunguza mambo hayo kwa makini, na kitabu chake kilitoka mwaka 1972. Aliona ya kuwa hasara ya Clacton ilikadiriwa kuwa kama pauni 500 tu. Aliona tena kwamba makelele ya magazeti yaliongeza moto. Vijana ambao kwanza hawakuwa wa upande wo wote walisoma kwamba kuna vita kati ya Mods na Rockers, wakachagua upande, wakanunua vazi, wakaenda pwani kuitazama vita ile, na kwa kwenda kwao wakaifanya iwepo. Polisi, mahakimu na wazee wakawatazama kama magazeti yalivyowafundisha kuwatazama.

Kuna kisa kimoja cha Margate kinachotosha kwa mfano. Kijana wa miaka kumi na saba alitozwa faini ya pauni 75, ambazo kwa siku zile zilikuwa mshahara wa majuma mengi. Akajibu mbele ya hakimu kwamba atalipa kwa hundi. Magazeti yakalitangaza neno hilo kila mahali: tazameni, vijana hawa wana fedha nyingi na kiburi kingi! Baada ya siku chache ikajulikana kwamba hakuwa na pauni 75, hakuwa na hesabu katika benki yo yote, wala hakupata kutia sahihi hundi maisha yake yote. Alisema vile kwa sababu alikuwa na hofu na aibu, akataka asionekane mdogo mbele ya watu. Wasomaji wetu walimu wanaijua sauti ile. Ni sauti ya mtoto ambaye, akipigwa fimbo, husema haikuuma.

Hatusemi kwamba waliovunja madirisha hawakukosa. Walikosa, na mwenye duka aliyevunjiwa kioo chake alikuwa na haki ya kulalamika. Twasema hivi tu: kosa la wachache lilifanywa jina la wote, na jina hilo likawapa wengine njia ya kwenda.

MWISHO WAO

Mambo yote hupita. Magari madogo ya bei nafuu yaliongezeka, na kijana aliyeoa akaona heri awe na paa juu ya kichwa chake na cha mkewe. Mwezi wa Desemba mwaka 1965 serikali iliweka mpaka wa mwendo, maili 70 kwa saa, hata katika barabara kuu zilizokuwa hazina mpaka. Mitindo mipya ya nyimbo na ya nywele ikaja. Ace Cafe ukafungwa mwaka 1969, na nyumba yake ikatumiwa na wauza matairi.

Lakini habari haikwisha kabisa. Mwaka 2001 mkahawa ule ulifunguliwa tena mahali pale pale. Waliokuwa vijana wa mia wakaja, nywele zao nyeupe au hazipo, makoti yao yamepasuka kwapani, wakiwaonyesha wajukuu wao mahali walipokuwa wakiegesha pikipiki. Walikuwa mafundi, madereva, wenye maduka, waume na babu. Waliotabiriwa kuwa kizazi kilichopotea waliijenga nchi yao kama wengine. Wasiokuja ni wale waliolala chini kwa sababu ya mbio, na hao hawakusahauliwa. Padre Bill Shergold alifariki mwaka 2009, akiwa mzee wa miaka karibu tisini.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Sasa tujiulize lile swali tulilolitaja. Nabii Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese kumtia mafuta mfalme, alitazama sura na kimo, naye akakosa. Aliyetakiwa alikuwa mbali, kondeni, hata babaye hakufikiri kumwita. Ikiwa nabii aliweza kukosa hivyo, sisi je?

Wahenga walisema, asiyekujua hakuthamini. Yumkini katika nyumba yako, au katika darasa lako, yuko kijana mwenye vazi lisilokupendeza na muziki unaokuumiza masikio. Huenda vazi lile lilianza kwa haja usiyoijua. Huenda mikono ile michafu inajua kazi ambayo hukupata kumwuliza habari zake. Tena huenda iko hatari ya kweli mbele yake, kama ilivyokuwa mbele ya vijana wa mia, naye hana budi kuonywa. Lakini nani atamwonya akasikia? Si yule anenaye habari zake barazani. Ni yule aliyeingia mahali alipo, akaketi, akaomba chai, akauliza, "Hebu nionyeshe, mwanangu, hiki hufanyaje kazi?"

Na kama mara ya kwanza moyo ulikwisha, ukapita kwa kasi bila kusimama, usikate tamaa. Padre Shergold naye alipita. Geuza, urudi.